Kuhariri makala ya Xunzi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu umezaliwa na uchovu. Kila baada ya wiki kadhaa anatokea mhariri mgeni kwenye makala ya Xunzi katika Wikipedia ya Kiswahili, anabadilisha neno lilelile lililobadilishwa na mwenzake kabla yake, na majadiliano yanaanza upya kama vile hayajawahi kuwapo. Nimeyakusanya majibu hapa. Mengine ni marefu kwa sababu ubishi wake ulikuwa mrefu.

Kwanza kabisa, Xunzi ni nani?

Ni mwanafalsafa wa China ya kale, mzaliwa wa dola la Zhao, aliyeishi karne ya 3 KK. Katika mkondo wa mafundisho ya Confucius, anahesabiwa wa tatu kati ya wakubwa wa kale: Confucius mwenyewe (aliyefariki mwaka 479 KK), kisha Mencius, kisha yeye. Alifundisha Jixia, mahali ambapo watawala wa dola la Qi waliwakusanya wasomi katika mji mkuu wao, Linzi. Baadaye akawa hakimu wa wilaya ya Lanling katika dola la Chu. Kitabu kinachobeba jina lake kina sura 32.

Tafadhali usiandike "alizaliwa katika Dola la China". Wakati huo halikuwapo. Kulikuwa na madola kadhaa yaliyokuwa yakipigana, na moja lao, Qin, halikuyameza mengine yote hadi mwaka 221 KK.

Jina liandikwe vipi? Nimeona Xunzi, Xun Kuang, Xun Qing, Sun Qing, hata Hsün Tzu.

Wote ni mtu mmoja. Xun ni jina la ukoo, Kuang ni jina lake mwenyewe, Qing ni jina la heshima, na "zi" mwishoni mwa Xunzi maana yake ni mwalimu. Kwa hiyo ukiandika "Mwalimu Xunzi" umemwita mwalimu mara mbili. Hsün Tzu ni Xunzi kwa tahajia ya zamani ya Kichina kwa herufi za Kilatini. Utaikuta kwenye vitabu vya karne iliyopita. Sun ni namna nyingine ya jina la ukoo inayopatikana katika maandishi ya kale, na wataalamu wanabishana kuhusu sababu yake. Makala inabaki "Xunzi", na majina mengine yote tunayatengenezea kurasa za kuelekeza.

Mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, Wachina hutanguliza jina la ukoo, kwa hiyo usimgeuze kuwa "Kuang Xun", wala usimwite "Kuang" kana kwamba ndilo jina la ukoo. La pili, na hili limetusumbua zaidi: Xunzi si Sunzi. Sunzi ndiye anayetajwa kuwa mtunzi wa kitabu maarufu cha mbinu za vita. Watu huwachanganya kwa sababu Xunzi aliitwa Sun pia, na kwa sababu sura ya 15 ya kitabu chake inamwonyesha akibishana kuhusu vita mbele ya mfalme wa Zhao. Humo anasema nguvu ya jeshi hutokana na umoja wa watu na mtawala wao, si ujanja wa uwanjani. Yaani anampinga Sunzi, halafu sisi tunamgeuza kuwa Sunzi.

Kwa nini Confucius na Mencius wana majina yanayoishia na "-us", na yeye hana?

Wamisionari Wajesuiti waliwapa wale wawili majina ya Kilatini: Kong Fuzi akawa Confucius, Mengzi akawa Mencius. Xunzi hakupata jina la Kilatini lililoenea. Usimtungie.

Alizaliwa na kufa mwaka gani? Kila ensaiklopidia inasema lake.

Andika "karne ya 3 KK" na uishie hapo, kisha weka miaka miwili tunayoweza kuisimamia. Mwaka 255 KK aliteuliwa kuwa hakimu wa Lanling na Bwana wa Chunshen, waziri mkuu wa Chu. Mwaka 238 KK Chunshen aliuawa, na Xunzi akapoteza cheo chake. Alibaki Lanling, akafia hapo na kuzikwa hapo.

Miaka ya kuzaliwa unayoikuta kwingine imetokana na watu kupiga hesabu, na hesabu hizo zinasimama juu ya ncha ya sindano. Sima Qian, mwanahistoria wa enzi ya Han, anasema Xunzi alikwenda Qi akiwa na umri wa miaka 50. Kitabu kingine cha enzi hiyohiyo, kilichoandikwa baadaye, kinasema 15. Sasa tazama: Wachina huandika hamsini kwa alama mbili, "tano" kisha "kumi", 五十. Kumi na tano ni alama zilezile zilizopinduliwa, "kumi" kisha "tano", 十五. Mnakili mmoja mwenye usingizi anatosha kumwongezea mtu miaka 35 au kumpunguzia. Mhariri akija na mwaka kamili wa kuzaliwa, mwulize kwanza amechagua hamsini au kumi na tano, na kwa nini.

Mbona mmeandika kwamba silika ya mtu ni "mbaya"? Vyanzo vyangu vinasema "ovu".

Hili ndilo swali la kila wiki.

Sura ya 23 inaanza na maneno ambayo mimi nayatafsiri hivi: "Silika ya mtu ni mbaya, wema alio nao ni wa kutengenezwa." Kuna maneno matatu hapa, na kila moja limeshawahi kuzusha vita vya kurudishiana mabadiliko.

Tuanze na hilo "mbaya". Neno la Kichina ni 惡, *e*. Linasemwa juu ya tendo baya, na linasemwa pia juu ya sura isiyopendeza. Kiswahili kina neno linalofanya kazi hiyohiyo bila kujilazimisha: njia mbaya, chakula kibaya, hali mbaya, sura mbaya. "Ovu" ni jambo jingine. Mtu mwovu ana nia; kwenye vitabu vya dini "yule mwovu" ni Shetani mwenyewe. Xunzi hasemi kwamba mtoto huzaliwa na nia ya kudhuru. Anasema mtu huzaliwa akitaka faida, akiona wivu, akivutwa na vya macho na vya masikio, na kwamba tukiyafuata hayo bila mpaka tutanyang'anyana hadi tuuane. Hiyo ni hali mbaya. Si lazima awepo mwovu ndani yake.

Ukishaandika "ovu", msomaji Mkristo anasoma dhambi ya asili. Nimeona hilo likitokea mbele ya macho yangu: mhariri mmoja aliongeza aya nzima akimlinganisha Xunzi na anguko la Adamu, na aya yenyewe ilikuwa imeandikwa vizuri. Tuliiondoa. Katika sura hiyohiyo Xunzi anasema mtu yeyote wa barabarani anaweza kuwa kama Yu, mfalme wa kale anayesifiwa kwa kuyatawala mafuriko. Haongelei wokovu wala neema. Anaongelea mwalimu, adabu na kazi.

La pili ni "silika". Wengi hupenda "tabia". Lakini tabia, kwa matumizi yetu ya kila siku, ni kile ambacho mtu amekizoea au amelelewa nacho. Tunasema mtoto kaiga tabia mbaya. Xunzi anataka kinyume chake: kile ambacho hukusomea wala hukukifanyia kazi, kama jicho kuona na tumbo kudai chakula. "Maumbile" lingefaa, ila linavuta mawazo kwenye mwili. "Hulka" si kosa, na ukiikuta mahali iache. Tulikubaliana "silika" ili makala nzima isome kwa neno moja.

La tatu ndilo gumu kuliko yote: "wa kutengenezwa". Alama yake ni 偽, *wei*. Itazame kwa karibu: upande wa kushoto ni "mtu", upande wa kulia ni "fanya". Kilichofanywa na mtu. Katika Kichina cha leo neno hili lina maana ya bandia au uongo, na hapo ndipo watu wanapoteleza. Tuliwahi kuwa na toleo lililosema "wema wa mtu ni unafiki", likakaa miezi bila mtu kulishtukia. Xunzi mwenyewe anatoa mfano wa mfinyanzi: anakanda udongo, anafinyanga chungu, na chungu hicho kimetokana na kazi yake, si na silika aliyozaliwa nayo. Hakuna anayekiita chungu hicho cha uongo. Unakipikia.

Je, naweza kuongeza methali "samaki mkunje angali mbichi"? Inafanana kabisa na mafundisho yake.

Inafanana ukiwa mbali. Sogea karibu. Methali inasema kuna wakati wa kumkunja samaki, na akishakauka umechelewa. Xunzi, mwanzoni kabisa mwa sura ya 1, anasema kujifunza hakuna kikomo. Kisha anatoa mfano wa ubao ulionyooka kama uzi wa fundi, unaopindwa kuwa gurudumu. Hata ukianikwa ukakauka, haurudi tena kunyooka. Na katika sura ya 23 mti uliopinda unatiwa mvuke na kubanwa hadi unyooke. Kwake, mti mkavu nao una tumaini. Nampenda sana samaki wetu, lakini si wa makala hii.

Maneno mengine mmeyawekaje?

*Ren* tumeandika "utu", na sidhani kama kuna neno katika makala nzima lililokaa sawa kuliko hili. Kwa Kichina *ren* hutamkwa sawa na neno la "mtu", na alama yake ina mtu ndani. Utu unatoka kwa mtu. Hakuna la kueleza zaidi.

*Junzi* tumeandika "muungwana". Kuna mhariri aliyepinga, na hoja yake ilikuwa nzito: muungwana, katika historia ya pwani, alikuwa mtu huru dhidi ya mtumwa, kwa hiyo neno lina harufu ya tabaka. Ni kweli. Lakini *junzi* nalo lilianza hivyohivyo, mwana wa mtawala, ndipo Confucius na waliomfuata wakaligeuza kuwa jina la mtu mwenye mwenendo mwema, awe wa ukoo gani. Maneno mawili, pwani mbili, safari moja. Tumeliacha, na tumeweka tanbihi.

*Li* linatutesa bado. Linabeba mazishi, sadaka, mavazi, namna ya kumsalimu mkubwa, na mpangilio wa nani anakaa wapi. "Ibada" inalifanya liwe dini tupu. "Desturi" inaliacha legelege, kwa sababu desturi yaweza kuwa yoyote. Kwa sasa tunatumia "adabu na taratibu" mara ya kwanza linapotokea, kisha "adabu" peke yake. Ukiwa na pendekezo bora, lete kwenye majadiliano kabla ya kugusa makala.

Nani kawapa mamlaka ya kuchagua maneno?

Hakuna. Ila Xunzi ana jibu lake, katika sura ya 22, inayohusu kuweka majina sawa. Anasema jina halina usahihi wake lenyewe: watu huafikiana, na mapatano yakikomaa yakawa mazoea, hapo jina linaitwa sahihi. Anawakemea pia wale wanaozua majina mapya ili kuvuruga yaliyokwisha kukubaliwa. Usibadilishe neno katika aya moja huku aya nyingine kumi zikibaki na la zamani. Badilisha kote, au usibadilishe.

"Tian" ni Mungu?

Hapana. Andika "Mbingu". Kwa Confucius na Mencius, Mbingu ina namna fulani ya kutaka na kutuma. Kwa Xunzi inakaribia kuwa mwenendo wa ulimwengu tu. Sura ya 17 inasema mwendo wa Mbingu ni uleule, haudumu kwa ajili ya mfalme mwema wala haukomi kwa ajili ya dhalimu. Kuna mahali anaulizwa: watu wametoa sadaka ya kuomba mvua na mvua ikanyesha, kwa nini? Anajibu kwamba hakuna kwa nini. Ni sawa na kunyesha bila sadaka.

Kutokana na maneno hayo mtu akamweka kwenye jamii ya wasioamini kuwapo kwa Mungu. Tulimtoa. Xunzi haambii watu waache sadaka. Anasema muungwana huiona sadaka kama pambo la maisha ya watu, na umma huiona kama jambo la mizimu na miungu. Eleza hivyo, na msomaji aamue mwenyewe.

Wanafunzi wake ndio waliojenga udhalimu wa Qin. Kwa nini makala haimlaumu?

Sima Qian anasema Han Fei na Li Si walisoma kwake. Han Fei alifia gerezani Qin mwaka 233 KK. Li Si alipanda hadi kuwa waziri mkuu wa mfalme wa kwanza wa China nzima, na ndiye aliyependekeza vitabu vichomwe mwaka 213 KK. Haya ni ya kuandikwa, na yameandikwa.

Lawama ni kitu kingine. Su Shi, mshairi na mwandishi wa enzi ya Song (1037–1101), alimlaumu Xunzi waziwazi kwa ajili ya Li Si. Vizuri: andika kwamba Su Shi alisema. Usiandike kama sauti ya ensaiklopidia. Na ukiandika hilo, weka pia kwamba katika sura ya 15 Xunzi anamkaripia Li Si, na katika sura ya 16, baada ya kuzuru Qin, anasifu utaratibu wake kisha anasema dosari yake: haina wasomi wa mkondo wa Confucius.

Halafu, ombi: Han Fei si "mwanasheria". Hakuwahi kumtetea mtu mahakamani. Andika "mtetezi wa utawala wa sheria na adhabu".

Kumbe hilo la "mwanasheria" limetoka wapi?

Kwa mashine. Ukichukua makala ya Kiingereza ukaipitisha kwenye programu ya kutafsiri, "dola la Chu" hurudi kama "hali ya Chu", na nimewahi kukuta "Kipindi cha Hali Zinazopigana" (yaani madola yanayopigana) kikiwa na kichwa chake chenyewe, kimekolezwa wino. Bwana wa Chunshen alikuwa "Bwana" tupu kila mahali, hadi ukasoma kama Injili. Cheo alichopewa Xunzi mara tatu huko Jixia, cha mzee anayetangulia kumimina kinywaji cha tambiko, kilikuwa kimegeuka "mnywaji". Mwanafalsafa wa watu, mlevi.

Kutafsiri kunaruhusiwa, mradi usome mwenyewe kila sentensi na utaje makala ya asili kwenye muhtasari wa hariri, kama leseni inavyotaka. Kilichobandikwa bila kusomwa kitaondolewa.

Nitaje kitabu chake vipi?

Kwa namba ya sura, si ukurasa, maana kila mtu ana chapa yake. Lakini jua kwamba namba zenyewe zina historia. Katika karne ya 1 KK, Liu Xiang alikuta maktabani kwa mfalme mafungu 322 ya maandishi ya Xunzi. Alipoondoa yaliyojirudia, 290 kwa jumla, zikabaki sura 32. Mwaka 818 BK Yang Liang aliandika ufafanuzi wake na kupanga sura upya. Ile ya silika iliyokuwa ya 26 akaipandisha ikawa ya 23. Tunafuata mpangilio wa Yang Liang. Ukikuta chanzo chenye namba tofauti, usidhani kimekosea.

Nukuu unaweza kutafsiri mwenyewe, ukisema ni tafsiri yako. Ile maarufu ya sura ya 1 tumeiweka hivi: "Buluu hutoka kwenye mnili, nayo ni buluu kuliko mnili wenyewe." Waliosoma Kichina, wakiwamo waliopitia vyuo vikuu vya Nairobi na Dar es Salaam, mnakaribishwa sana kuzikagua.

Kwa nini hayumo katika Vitabu Vinne, vile vya msingi vya mkondo wa Confucius?

Zhu Xi, mwanafalsafa wa enzi ya Song (1130–1200), aliyeviweka pamoja, alimchukua Mencius, aliyefundisha kwamba silika ya mtu ni njema. Xunzi alikuwa amempinga Mencius kwa jina. Hata katika hekalu la Confucius aliingizwa mwaka 1084 na kuondolewa mwaka 1530.

Picha?

Weka, ila maelezo yaseme ni mchoro wa enzi za baadaye. Hakuna ajuaye sura yake.

Mabadiliko yangu yamerudishwa. Nifanye nini?

Nenda ukurasa wa majadiliano, taja sentensi na chanzo. Usiyarudishe tena kabla hujajibiwa. Sisi ni wachache na tuna kazi nyingine. Subiri siku mbili tatu.

Nataka kusaidia lakini sijui nianzie wapi.

Anzia sura ya 26. Sehemu yake katika makala ni kichwa cha habari na mstari mmoja, na inaniuma kwa sababu ndiyo sura ambayo Mswahili angeifurahia kuliko zote: ni vitendawili. Xunzi, mzee wa adabu na taratibu, ametega vitano vya kishairi, na jibu la kila kimoja linakuja mwishoni. Kimojawapo kinakwenda hivi, kwa kukifupisha: kimezaliwa mlimani, kinaishi chumbani, hakina akili wala ufundi, lakini ni hodari wa nguo, si mwizi, ila hupita kwa kutoboa, kichwa chake kikali, mkia wake mrefu unaburuta.

Sindano. Vinne vilivyobaki vinamsubiri wa kuvitafsiri.